Nilivyosimama Uani kwa Zakaria

Nilitoka nyumbani kwangu Kiseke kumfuata mwanangu Pendo, mwenye miaka minane, aliyechukuliwa na baba yake getini kwa shule akapelekwa kwao, kijiji kimoja mbele ya Sengerema. Waliomficha nawataja, maana sina cha kuwasitiria. Zakaria, mwanaume aliyenipiga miaka kumi na mmoja mpaka nikaondoka kwake na meno pungufu. Kabula, mama yake. Na Malimi, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kalamu yake iliniumiza kuliko ngumi za Zakaria.

Hii ilikuwa safari ya pili. Ya kwanza nilikwenda peke yangu, nikakosea. Nilipofika nilipiga magoti kumsalimu mama mkwe, kama mke wa Kisukuma anavyotakiwa. Nikakaa mkekani, nikala ugali na sato, nikaambiwa kuna kikao kidogo cha ukoo. Malimi akaniletea daftari. "Saini hapa shemeji, ni mahudhurio tu." Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nikaandika jina langu. Nilipokwenda mahakamani kumdai mtoto, ukurasa ule ukatolewa: eti nimekubali mbele ya ukoo mtoto akae kwa baba.

Hakimu akaniuliza, "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu mheshimiwa. Maneno yaliyo juu yake si yangu."

Aliutazama ukurasa ule juu mpaka chini. Mwisho akatoa amri ya muda: Pendo arudishwe kwangu aendelee na shule mpaka shauri lisikilizwe, na baba yake amwone Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, ofisi ya ustawi wa jamii, Sengerema.

Saa moja asubuhi tulikuwa kivukoni, mimi na Editha, afisa ustawi wa jamii, binti wa Kihaya. Akanisomea amri. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikamwambia tena.

"Mama Pendo, utaimeza hiyo karatasi!"

"Acha niimeze. Ile nyingine ilinimeza mimi."

Tulishuka ng'ambo, Kamanga, tukapanda gari mpaka Sengerema mjini, tukamchukua askari wa kike wa dawati la watoto. Kutoka hapo ni vumbi. Nilikuwa nimeshika mfuko wenye sweta la shule nililomshonea Pendo, nimelikunja mpaka likawa kama mpira. Njia nzima niliwaza jambo moja: je, nikifika wakiwa wamemhamisha?

Saa tano tuliingia uani. Kabula alikuwa anaanika udaga wa muhogo juu ya jiwe.

"Shikamoo mama," nilisema nimesimama.

"Marahaba. Siku hizi magoti yanauma?"

"Yanauma mama. Muulize mwanao aliyapiga na nini."

Malimi akatokea haraka, daftari kwapani, anacheka. "Karibuni wageni! Tukae kwanza, tule, tuzungumze kama watu wazima. Mambo ya familia askari wa nini?"

Viti vikaletwa, na beseni la maji ya kunawa. Editha, kwa adabu zake za nyumbani, akaanza kuinama akae. Nikamshika mkono. "Usikae mwanangu. Hapa ukikaa umekubali." Beseni nikaliacha chini. Kwetu kukataa kunawa ni tusi, na nilijua.

Zakaria akatoka ndani. "Unakataa chakula cha mama yangu? Umekuwa mtu wa wapi wewe?"

"Wa Kiseke."

Askari akasoma amri kwa sauti, majirani wakisikia. Malimi akafungua daftari. "Basi tuandike mahudhurio."

"Andika wewe," nikamwambia. "Mkono wangu, huo ukurasa hauupati tena."

Zakaria alikataa kusaini fomu ya makabidhiano. Askari akamweleza taratibu kwamba akikaidi amri atakwenda kujieleza kwa hakimu, tena leo. Akasaini. Mimi nilitaka fomu isomwe mara tatu. Malimi akaguna, "Huyu naye!" Nikasema wasome. Wakasoma. Ndipo nikaandika jina langu, herufi moja moja.

Pendo alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake. Hakunikimbilia. Aliniuliza tu, "Umekuja kunichukua, au umekuja kunitembelea?"

"Kukuchukua."

Kabula akaingia ndani, akatoka na michembe, viazi vikavu, kwenye mfuko. Macho yalikuwa mekundu. "Anavipenda," akasema. Nikapokea. Chakula changu nilikataa, cha mtoto sikukataa.

Saa tisa tulikuwa kivukoni, tunarudi. Pendo alivaa lile sweta, mikono ikaishia juu ya viganja. Mtoto alikuwa amekua wakati sipo. Akatafuna michembe, kisha akasema bila kunitazama, "Baba alinionyesha jina lako kwenye daftari. Alisema umenikataa."

Nilitoa amri nikampa. "Soma mwenyewe."

Akasoma kwa kidole: arudishwe kwa mama yake. Akarudia. Halafu akaendelea bila kuambiwa mpaka penye Jumamosi. "Nitarudi kwa baba?"

"Jumamosi ya kwanza na ya tatu. Asubuhi mpaka saa kumi."

"Utanipeleka wewe?"

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Ila karatasi iliyonirudishia mtoto ndiyo inayosema hivyo, na mimi siyo Zakaria wa kuchagua mstari wa kutii. "Mimi mwenyewe," nikamwambia. "Na saa kumi utanikuta mlangoni."

Nilichojifunza ni hiki: siweki sahihi kwenye kitu ambacho hakijasomwa mbele yangu, mwanzo mpaka mwisho. Na sasa msomaji ninaye nyumbani, anavaa sweta jipya. Haya maelezo nayo amenisomea yote kabla sijaandika jina langu chini.

Zakaria, Jumamosi nakuja. Kiti usinitolee.