Kovu Nililolifunika kwa Kanga

Nakumbuka siku moja wakati wa Mdachi, kule kisiwani Chole, siku ambayo mdomo wangu huu ulianza kumuua mtoto wa shoga yangu. Kaa chini na huyo mtoto wako, mwanangu. Usininunie. Jana nimekusikia uwani ukiwaambia wenzio kuwa sindano za watoto zina jambo ndani yake, nikakuuliza umelipata wapi, ukanijibu, "Watu wanasema, bibi." Watu gani? Hawana majina? Hasira zimenipanda tangu jana, na sikufichi, nyingi ni zangu mwenyewe, za zamani, hazijanitoka.

Nilikuwa mwali wa kuolewa. Sisi wanawake tulikuwa tukikaa barazani kwa Bi Mwanakombo, mkunga wetu, tukisuka ukili wa mikeka. Kulikuwa na desturi pale: mwenye habari mpya hachambui ukindu wake, yale majani ya kusukia. Wenzake humchambulia, ili yeye aseme tu. Na kuchambua ukindu ndiyo kazi inayokata vidole, kwa hiyo kila mtu alitamani kuwa na habari. Nami sikuwa nayo hata siku moja.

Basi ikapigwa mbiu kwamba mchanja ndui anakuja, watoto wote wachanjwe mkononi. Barazani wakaulizana, dawa yenyewe ni ya nini? Nikasikia sauti yangu inajibu, "Usaha wa nguruwe huo. Wameniambia watu wa boma." Uongo mtupu! Hakuna aliyeniambia kitu. Mikono yote ikasimama. Shoga yangu Mwanahawa, aliyekuwa na kibinti chake Saada mapajani, akauvuta mzigo wangu wa ukindu akaanza kunichambulia. "Hebu sema, mwenzangu," akaniambia. Nikasema, nikatia na chumvi, wala sikuona haya.

Na mimi mwenyewe, mwanangu, nilikuwa nimechanjwa! Mwaka mmoja nyuma baba alinipeleka Kilwa, nikachanjwa huko, na kovu ninalo mpaka leo, hili hapa, litazame. Nilikuwa nikilifunika kwa kanga nisichekwe.

Mchanja ndui alipofika Chole alikuta wazee na kuku. Wanawake walikuwa wamevuka na watoto kwa mitumbwi mpaka kisiwa cha Juani, wakajificha Kua kwenye magofu mpaka alipoondoka. Nami nilifurahi. Nilijiona mtu mkubwa, neno langu limevusha mji mzima.

Haikuchukua muda ndui ikaingia. Saada akashikwa. Mgonjwa wa ndui alikuwa akitengwa kwenye kibanda nje ya mji, akiuguzwa na aliyewahi kuugua. Mimi nikajitolea, watu wakanisifu. "Binti shujaa huyu!" Shujaa wa nini? Nilijua hainishiki, nimechanjwa! Mwanahawa naye akakataa katakata kumwacha mwanawe, akaingia kibandani hivyo hivyo.

Kumbe Bi Mwanakombo alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na swali moja, "Nani kakwambia ni nguruwe?" Akitajiwa mtu, anakwenda kwa huyo, anamuuliza vile vile. Hakuruka mlango. Siku ya tano akaja kibandani, uso wake una alama za ndui ya utotoni, hakuogopa kuingia. Nilikuwa namkanda Saada kwa maji ya mwarobaini.

"Chole nzima imenileta kwako," akasema. "Wewe nani kakwambia?"

Nikainamia maji ya mwarobaini nisimtazame. Sikuwa na jina la kutaja. Kanga ikaniteleza begani, Mwanahawa akaliona kovu. Akaweka kidole chake juu yake, taratibu.

"Kumbe wewe umechanjwa."

"Ndiyo."

"Na mimi siku ile nikakuchambulia ukindu."

Akanisukuma kando, akamkanda mwanawe mwenyewe. Saada alifariki kabla ya alasiri. Mwanahawa naye ikamshika, akapona na jicho moja, na hakuniamkia tena mpaka anazikwa.

Mchanja ndui aliporudi, Bi Mwanakombo alimwendea akamuuliza ana kwa ana, dawa hii ya mnyama gani? Akajibiwa, ya ndama. Basi! Swali moja tu, mwanangu. Lingeulizwa kabla, Saada leo angekuwa bibi kizee kama mimi, tunagombana naye hapa.

Sasa nisikilize. Kuogopa si kosa, mama yeyote huogopa. Lakini ukiogopa, nenda kwa mwenye dawa, muulize mpaka atoke jasho. Ukiletewa habari, uliza nani kasema, umfuate huyo, umuulize na yeye, mpaka umfikie aliyeona kwa macho yake. Usipomfikia, nyamaza. Na kama hujui, sema sijui. Hakuna aliyekufa kwa neno hilo. Usinunue heshima ya baraza kwa mtoto wa mwenzio, wala wa kwako.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wenye haya. Akukuzie huyo mtoto mpaka aje akuzike yeye, usimzike wewe. Amin. Haya, mfunge mbelekoni, nipe mkono niinuke. Tunakwenda kwa daktari sasa hivi, ukamuulize wewe mwenyewe.