Mtoto Aliyetanguliza Miguu

Nilizaliwa nimetanguliza miguu, na kwa sababu hiyo nilipokuwa mtoto mtaani Bahati nilikuwa dawa. Cucu, mamake baba, alisema mtoto wa aina hiyo akikukanyaga mgongo, maumivu hutoka. Majirani waliamini. Asubuhi ungemkuta mtu mzima amelala kifudifudi mkekani, ananisubiri nimalize uji. Nilikanyaga, akashukuru, nikapewa andazi. Niliringa sana, sitaki kudanganya.

Kisha baba akaumia. Alikuwa akipakia magunia ya unga Industrial Area, na siku moja akarudi ameshikiliwa na wenzake huku na huku. Cucu hakungoja kuuliza.

"Leteni mtoto."

Baba aliniita Mama, kwa kuwa nimerithi jina la mamake. Nilipanda kiunoni, nikashuka taratibu mapajani hadi kwenye mashavu ya miguu.

"Mbona hukanyagi huo wa kushoto, Mama?"

"Si nimekanyaga, Baba? Niko juu yake."

 Hata kwa akili yangu ya kitoto nilijua hapo kuna jambo baya.

Hospitalini daktari alieleza kwa Kiingereza, nesi akatutafsiria: katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini, kimechomoka, kimefinya mshipa. Alimaanisha neva. Lakini kwetu mshipa ni wa damu, na mshipa uliofinywa hukandwa mpaka damu ipite. Kwa hiyo tulirudi nyumbani na jina la ugonjwa, na jina hilohilo likanirudisha mgongoni mwa baba kila asubuhi.

Leo nazijua pingili, diski na neva, na najua kwamba ganzi ile ya mguu ilianzia kiunoni. Nayajua maneno yote na hayanisaidii kitu. Sijilaumu, mtoto hupanda akiambiwa apande. Mguu ulizidi kufa ganzi, baba akawa anauburuta, kazi ikamponyoka. Cucu alisimama kando akiomba, midomo ikimchezacheza. Mimi nililia kimyakimya juu ya mgongo wa baba, nikiogopa kwamba dawa imeniishia, na sikujua ningeenda kuichukua wapi nyingine.

"Unasikia, Baba?" nilimwuliza asubuhi moja, nimefika kwenye ule wa kushoto.

"Nasikia, Mama. Leo nasikia vizuri sana."

Cucu akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa bado nimeuinua mguu wangu hewani, sijamgusa.

Niliushusha polepole, nisimwaibishe mbele ya mamake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatapona, na kwamba yeye alikuwa amelijua hilo kabla yangu.