Nunu Aingia Majini

Watoto wa familia ile ya Kifaransa hawakumwita Fridah kwa jina lake. Walimwita Nunu, kwa kuwa ndivyo watoto wa kwao wanavyowaita walezi wao, na jina likamkaa vizuri hata mlinzi wa getini, Mpakistani mwenye ndevu za hina, naye akalichukua. Kila asubuhi Fridah alipotoka kumsindikiza Margot, mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, kwenye basi la shule, mlinzi aliinua mkono: "Nunu, salaam!"

Jina lake kamili lilikuwa Fridah Kemunto, mzaliwa wa Nyamira, kwenye vilima vya majani chai. Alikuwa amefanya kazi hotelini Deira, Dubai, kwa muda kabla ya kuwapata Wafaransa hao waliokaa Mirdif, katika nyumba za safu moja zenye bustani ndogo mbele na bwawa la kuogelea katikati. Sir Thibault alikuwa mhandisi wa madaraja. Madam Hélène aliuza manukato kwa maduka makubwa, na nyumba nzima ilinukia kama harusi. Margot alikuwa na miaka sita, na mdogo wake Basile alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia bila kuanguka.

Kazi yenyewe aliipenda, ila mwanzoni meza ya chakula ilimpa taabu. Kwao mtu akishashiba anainuka. Kwa Wafaransa, hakuna aliyeinuka mpaka wote wamemaliza, na kumaliza kwenyewe kulikuwa safari: supu, kisha nyama, kisha majani, kisha jibini lililonuka kama soksi za askari. Jioni moja walimwekea mbele ua kubwa la kijani, limechemshwa, lina miiba kama mbigili. Akadhani wanamtania. Akamwona sir Thibault, mtu mzima na miwani yake, akibandua jani moja moja, akilichovya kwenye siagi na kulinyonya kwa makini. Fridah naye akanyonya. Lilikuwa tamu. Tangu siku hiyo aliacha kushangaa, na jambo lolote lililokuja mezani alilipokea kwa moyo mmoja.

Watoto nao walichukua mambo yake. Basile aliomba uji asubuhi badala ya maziwa. Margot akikasirika na mdogo wake alimwambia kwa Kifaransa maneno marefu, kisha akamalizia, "Khalas! Basi! Nenda huko!" kwa sauti ya Fridah hasa.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Margot hakulifanya, nalo ni kuingia majini.

Kila alasiri, watoto wakishakula mkate na kipande cha chokoleti, chakula ambacho nyumbani kwa Wafaransa hakikosi hata mtoto awe na homa, walezi wote wa mtaa walishuka nao bwawani. Wenzake Margot walijirusha kama vyura. Margot alikaa ukingoni, miguu ameikunja, asiguse maji hata kwa kidole. Madam Hélène alimletea mwalimu, Mganda aitwaye Robinah, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, aliyekulia Entebbe kando ya ziwa. Robinah alikuja, akabembeleza, akaimba, akaleta bata wa plastiki. Margot alishika ngazi ya bwawa kwa mikono miwili, na hakuna aliyeweza kumbandua.

Siku moja Robinah alichuchumaa mbele yake akamuuliza kwa upole, "Niambie, unaogopa nini? Maji haya ni safi, mimi nipo, na hapa unasimama vizuri."

Margot akanyoosha kidole kule kwenye viti, ambako Fridah alikuwa amekaa na Basile mapajani, mbali kabisa na maji, mgongo ukigusa ukuta. "Nunu haingii," alisema. "Nunu anajua kila kitu. Kama maji ni mazuri, mbona yeye haingii?"

Robinah aligeuka akamtazama Fridah. Fridah akatazama viatu vyake.

Jioni hiyo, Basile alipokwisha kulala, madam Hélène alimwita jikoni. "Fridah, keti kidogo."

Fridah aliketi. Akijua Robinah amekwisha kusema, alijiona tayari anafunga sanduku. Lakini madam alikuwa anazuia kicheko.

"Ni kweli huwa unamwambia Margot arudi nyuma kila akikaribia maji?"

"Ni kweli, madam. Sikujua kuwa namwambia sana. Maneno yanatoka yenyewe."

"Hujui kuogelea?"

"Kwetu, madam, maji ni ya kunywa, kufulia na kupikia."

Hapo madam alicheka wazi, na Fridah akajikuta anasimulia ambalo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote Dubai. Kwao ni Waadventista, na Mwadventista habatizwi kwa kunyunyiziwa. Anazamishwa mtoni mwili mzima. Zamu yake ilipofika, akiwa msichana wa miaka kumi na minne, maji yalipomgusa kifuani alimrukia mchungaji shingoni, akaishika tai yake, na wote wawili wakaenda chini pamoja. Wazee wa kanisa waliingia na suti zao kuwatoa. Mchungaji alipopata pumzi alisema, "Huyu ameshabatizwa. Mpelekeni." Tangu siku hiyo maji yaliyozidi ndoo hakuyataka.

Madam alipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa cha jikoni. Kisha akamwambia, "Mwalimu yupo na bwawa lipo. Sikulazimishi. Lakini mtoto yule anakutazama wewe kuliko anavyonitazama mimi."

Maneno hayo yalimchoma kidogo, kwa sababu hayakusemwa kwa uchungu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alijisemea Fridah kitandani, na mimi nimemlea woga.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Baada ya ibada alikwenda Al Muraqqabat, kwenye chumba cha rafiki zake wawili: Judy, Mkenya mwenzake, mlinzi wa duka kubwa, na Marietha, Mtanzania aliyesuka nywele kwa mikono iliyokwenda kasi kuliko cherehani. Aliwaeleza habari nzima huku Marietha akimsuka.

"Wewe? Majini?" Judy aliacha kumenya viazi. "Wewe ambaye hata abra hupandi? Sisi tunavuka maji ya Creek kwa mashua kama watu, wewe unazunguka na treni ya metro!"

"Metro ni kavu."

"Metro inapita chini ya hayo hayo maji, Kemunto!"

Fridah hakuwa amewahi kuliwazia hilo, akageuza kichwa kumtazama Judy. Marietha alimvuta nywele kumrudisha kichwa mahali pake. "Usimtishe bwana. Nenda, dada. Ila nikusuke mistari ya kulala, maana dawa ya yale maji inakausha nywele. Na utavaa nini? Zile nguo zao za kamba kamba?"

Hilo ndilo lililompeleka Bur Dubai jioni ile, jua lilipozama na Sabato yake kwisha. Kwenye uchochoro wa maduka ya vitambaa aliingia duka la mama mmoja wa Kizanzibari, Bi Joha, aliyemtambua kuwa Mswahili kabla hajafungua kinywa.

"Karibu mwanangu. Wataka nini?"

Fridah alieleza kwa kunong'ona, kama anayenunua dawa ya siri. Bi Joha alipanda ngazi, akashuka na vazi la rangi ya samawati iliyoiva, lenye mikono mirefu, suruali, na koti jepesi lililofika magotini. "Hili litakusitiri toka shingoni mpaka kwenye vifundo. Wala halishiki maji."

"Lakini mama, mimi si Mwislamu."

"Kwani maji yauliza dini?" Bi Joha alimwekea vazi kifuani kumpima. "Lakupendeza. Chukua, mwanangu, ukaoge."

Siku ya somo la kwanza, habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Walezi wote walishuka mapema. Mlinzi mwenye ndevu za hina alipata sababu ya kuja kukagua taa za bwawa. Margot alikaa ukingoni, safari hii si kwa woga bali kwa udadisi, na Basile akawekwa kwenye mapaja ya jirani.

Fridah aliteremka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yalipofika kiunoni alimkumbatia Robinah kwa nguvu zote.

"Dada," Robinah alisema kwa sauti iliyobanwa, "hapa ni kiunoni. Ukisimama, umepona."

"Nimesimama."

"Basi niachie shingo."

Akamwachia kidole kimoja kimoja. Kazi ya siku ile ilikuwa ndogo tu: kuweka uso majini na kupuliza mapovu. Fridah aliinama, akapuliza, akavuta pumzi mahali pasipostahili, akainuka akipiga chafya na kukohoa, kofia ya mpira imepanda juu kama kitumbua. Bwawa zima likacheka. Na katikati ya kicheko ilisikika sauti ya Margot, ya mtu aliyeishiwa na subira.

"Hapana, Nunu! Sivyo! Unapuliza kwanza!"

Kabla mtu hajasema neno, mtoto alishuka ngazi zote, akasimama kando ya mlezi wake maji yakimfika mabegani, akatia uso ndani na kutoa mapovu makubwa kama sufuria inayochemka. Alipoinuka alijipangusa macho. "Hivi. Umeona? Rudia."

Robinah alimtazama Fridah kwa jicho lililosema usiseme chochote. Fridah alirudia.

Kuanzia hapo walijifunza pamoja, na Margot alikuwa mwalimu mkali kuliko Robinah. Mezani alimweleza baba yake makosa ya Nunu kwa urefu: Nunu anapiga miguu kama mtu anayefukuza mbwa, Nunu anafumba macho. Sir Thibault, aliyependa hesabu, alichora kwenye kitambaa cha karatasi jinsi mwili unavyoelea, na mishale ikielekea juu. Fridah alishukuru, akakunja karatasi, na kesho yake akazama vile vile.

"Mwili wako unabishana na maji," Robinah alimwambia. "Acha ubishi, banange, jamani. Lala kama umelala kwenu."

Alasiri moja, amechoka kubishana, alilala. Masikio yakaingia majini na kelele zote za watoto zikazimika. Juu yake anga lilikuwa jeupe kwa joto, na ndege ikapita chini chini kwenda kutua uwanjani, karibu kiasi cha kuona magurudumu yake. Alingoja kuzama. Hakuzama. Alisikia mwili wake ni mwepesi, wa mtu mwingine, msichana fulani ambaye hakuwahi kumwogopa mchungaji wala mto. Akaanza kucheka, na kwa kucheka akanywa maji, akasimama akikohoa, na Margot akaruka ruka kando yake akipiga kelele, "Nunu ameelea! Nunu ameelea!"

Walimpiga video siku iliyofuata, naye akaituma Nyamira. Simu ililia mara moja.

"Kemunto! Nani amekutupa humo? Toka!"

"Nimeingia mwenyewe, mama."

Kisha mama aliuliza, sauti imebadilika, "Ile nguo ya bluu ni yako?" Na Fridah akamsikia akiwaita majirani waje waone.

Siku ya mashindano ya kuogelea shuleni kwa Margot ilifika. Wazazi wote wawili walichukua ruhusa kazini, na Fridah akaketi katikati yao na Basile mapajani. Watoto wa darasa walipangwa ukingoni wamevaa kofia za rangi. Filimbi ikalia. Wenzake wakaruka. Margot akabaki amesimama, mikono imekakamaa ubavuni, akitafuta uso kwenye umati.

Madam Hélène alishika mkono wa mumewe. Fridah alisimama, akamkabidhi sir mtoto, akajaza mashavu yake hewa mpaka macho yakatoka, na kupuliza kwa kishindo mbele ya wazazi wote wa shule.

"Yalla, Margot!" akapiga kelele. "Puliza!"

Margot akajirusha. Alipiga miguu kwa mwendo wake, bila haraka na mtu. Alipofika katikati, wenzake wakiwa tayari wanafungwa mataulo, aligeuka akalala chali, akaelea, akawapungia watu wake mkono kama malkia kwenye gari, akapumzika, kisha akageuka tena akaendelea. Aligusa ukuta wa mwisho, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Sir Thibault alipiga mluzi kwa vidole. Madam alimbusu Fridah shavu hili na shavu lile, kisha akarudia la kwanza.

Margot alitoka akitiririka maji, amekunja uso. "Mbona wote walimaliza haraka hivyo?" aliuliza. "Hawakupenda?"

Sikukuu ya Idi ilipowadia, familia ilisafiri kwenda kwao Ufaransa kwa siku chache na Fridah akapata nafasi ya kukaa na rafiki zake. Walikwenda ufukweni Al Mamzar na chapati, mchuzi wa kuku na mwavuli. Judy na Marietha walitandika mkeka mbali na maji, kama ilivyokuwa desturi yao, tayari kwa kupiga picha na kula.

Fridah alivua dera. Vazi la samawati lilikuwa chini yake.

"Kemunto, hiyo ni bahari," Judy alisema. "Hiyo haina ngazi."

"Naiona."

Aliingia polepole. Maji yalikuwa ya vuguvugu na chumvi ikamwingia mdomoni, na mawimbi madogo yalimnyanyua na kumshusha kama mtu anayembembeleza mtoto. Hakwenda mbali. Palipomfika kifuani alilala chali. Aliwasikia wakipiga kelele kule mchangani, kisha hakuwasikia.

Alipoinuka, Judy alikuwa amefika maji ya vifundo, suruali ameikunja, akitetemeka kwa woga na kicheko. Wimbi likaja, likamvua kandambili moja, likaondoka nayo.

"Kiatu changu! Kemunto, kiatu!"

Fridah alijilaza kifudifudi, akapiga miguu kama mtu anayefukuza mbwa, akaifikia kandambili ikicheza juu ya maji. Akarudi nayo ameishika juu, akipumua kwa nguvu. Marietha alikuwa amesimama juu ya mkeka akipiga vigelegele, na familia moja ya Kihindi iliyokuwa jirani nayo ikapiga makofi bila kujua sababu.

"Sasa nipe mkono," Fridah alimwambia Judy, "uje hatua moja tu. Hapa ukisimama, umepona."

Judy alitazama maji, akatazama chapati kule nyuma, akatoa mkono.