Sungura Aliyenilipisha Mbuzi

Tarehe 12 Machi 1994, siku ya Jumamosi, nilipoteza heshima yangu yote mbele ya mama mkwe, miezi minne tu baada ya kumpoteza mke wangu, na mkitaka kucheka chekeni, siku hizi hata mimi nacheka, ila siku ile nilitamani kuhama mtaa wetu wa Tena bila kuaga mtu.

Nyuma ya nyumba marehemu aliniachia mistari mitatu ya sukuma wiki, na sungura wa porini walikuwa wakitoka kwenye nyasi za kando ya mto na kuifyeka kama vibarua. Alhamisi nikamfunika mmoja mdogo kwa karai. Ningemwachilia pale pale, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Mueni, binti yetu wa miaka sita, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alisema, "Baba, huyu ni wangu," akatabasamu kidogo, basi nikamwingiza ndani.

Jamani, sungura wa porini hafugiki. Yule yule aliyekula sukuma yetu bila kualikwa, sasa tunamchumia majani mororo, tunampa karoti, hagusi. Alijikunyata kwenye boksi, masikio yamelala mgongoni, moyo ukimpiga mpaka ngozi inatikisika, na ukimshika anakurarua kwa mateke (mikono yangu ilikuwa kama ya mtu aliyepigana na seng'enge). Nikaamua nitamrudisha Jumamosi jioni.

Jumamosi asubuhi, hodi! Mama mkwe kutoka Machakos, pamoja na kaka yake, Mzee Mutua. Nilijua kilichowaleta: kuona kama mwanamume peke yake anaweza kulea mtoto wa kike, la sivyo waondoke naye. Nikasukuma boksi chini ya kochi, na mama mkwe, kati ya viti vyote, akakalia kochi hilo hilo.

Sasa, kwetu Wakamba mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Humwangalii usoni, humpi mkono, na kumgusa ni kosa la kulipa mbuzi. Kwa hivyo nilisimama mbali nikiangalia sakafu, Mzee Mutua akiuliza kwa niaba yake.

"Baba Mueni, mtoto anakula?"

"Anakula, mzee."

"Na nyumba hii inakaliwa na nani mwingine?"

Hapo boksi likapiga kishindo. Mimi kudanganya sijui, nikazidi kuangalia sakafu.

"Ni sungura wangu, Susu," Mueni akamwambia nyanya yake, maana Susu kwa Kikamba ndiye nyanya. "Yuko chini yako. Hataki kula."

Mama mkwe akainua miguu, sungura akachomoka, akanasa kwenye kitambaa cha kochi (alichoshona marehemu kwa mkono wake, cheupe, chenye maua), akaanza kuzunguka sebule nacho mgongoni kama bibi harusi aliyebadili nia, mama mkwe anapiga mayowe, nami nikasahau mila na adabu, nikaruka, nikajitupa chini, nikakamata kwa mikono yote miwili, na nilipofungua macho nilikuwa nimeshika kifundo cha mguu wa mama mkwe.

Sungura akapita mlangoni na kitambaa chake.

"Mkwe," Mzee Mutua akasema polepole, "huyo uliyemshika ana masikio marefu?"

Mueni akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, na kile kicheko, jamani, kilikuwa cha mama yake kabisa. Mama mkwe alimtazama kwa muda, akajifunika mdomo kwa leso, mabega yakaanza kumtikisika, machozi yakamtoka. Kisha akageukia ukuta, kama desturi inavyotaka.

"Mutua, mwambie mkwe wangu mtoto anayecheka hivi hahamishwi. Lakini mbuzi wangu namtaka."

Nililipa, na sijaingiza tena ndani kiumbe ambacho hakikubisha hodi.

Jioni, walipokwisha kuondoka, mimi na Mueni tulikikuta kitambaa kimenasa kwenye mche wa sukuma. Mche wenyewe haukuwa na jani hata moja.