Mzee Oiva Alivyostaafishwa na Jarida

Kwa miaka thelathini na mmoja Oiva Turpeinen alitia majalada vitabu vya maktaba ya chuo chetu, kwenye chumba cha chini kabisa kisicho na dirisha, na katika miaka hiyo yote sidhani kama nilizungumza naye zaidi ya maneno mia. Si kwamba tuligombana. Huku kwetu Ufini watu wawili wanaweza kufanya kazi mlango kwa mlango mpaka wakaota mvi, salamu yao ikawa kutikisa kichwa tu, na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake ni rafiki yake wa karibu.

Mimi ndiye niliyemstaafisha. Naitwa Tellervo. Kazi yangu hasa ni kuorodhesha vitabu, lakini mwaka mmoja nilichelewa mkutanoni, na nilipoingia nikaambiwa nimechaguliwa kuandika jarida la wafanyakazi. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi ya pili, natuma habari za idara: nani kaajiriwa, nani kahamishwa, mashine gani ya kunakili imekata roho, nani kapata mapacha. Watu hulifungua jarida kuangalia kama wamo. Wasipojiona, hulifunga.

Basi mwanzoni mwa Februari nikapata ujumbe kutoka kwa Jarkko, ofisa utumishi anayekaa jengo la utawala na anayeijua maktaba kwa majina ya kwenye karatasi tu. Ujumbe ulikuwa mstari mmoja: "O. Turpeinen, maktaba, anastaafu mwisho wa mwezi. Weka neno."

Mimi kichwani mwangu nilikuwa na O. Turpeinen mmoja tu. Nikaanza kuandika, nikakwama. Miaka thelathini na mmoja, na sikuwa na la kusema juu yake zaidi ya kwamba ananukia gundi. Nikaona haya. Nikashika njia nikauliza watu, na hapo ndipo mambo yalipofunguka. Profesa mmoja wa historia akaniambia jinsi Oiva alivyokaa na daftari la kanisa lililotafunwa na panya, majira yote ya baridi, akiunganisha ukurasa kwa ukurasa, mpaka majina ya watoto waliokufa kwa njaa miaka mia moja na hamsini iliyopita yakasomeka tena. Binti mmoja wa kaunta akaniambia kwamba alipofiwa na mama yake alipeleka kitabu cha mapishi cha marehemu, kimeraruka, na kesho yake alikikuta mezani kimeshonwa upya, madoa ya siagi yameachwa kama yalivyo. Hakuna barua, hakuna neno.

Nikaandika ukurasa mzima. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivyo katika jarida lile.

Siku ya pili Oiva akaja mlangoni kwangu. Hakuingia. Alikuwa ameshika jarida, amelichapisha kwenye karatasi, amelikunja mara nne.

"Umeandika vizuri," akasema.

"Ni kweli tupu, Mzee Oiva."

"Hilo la kitabu cha mapishi, amekwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe. Machozi yakamtoka."

"Aa." Akatazama viatu vyake. "Kwa hiyo ni mwisho wa mwezi."

"Tarehe ishirini na nane. Tumeagiza keki."

"Haya," akasema, akaondoka.

Nilidhani ana majonzi ya kuacha kazi. Nikamhurumia, nikaongeza ukubwa wa keki.

Sherehe ilifanyika Ijumaa saa nane mchana, chumba cha kahawa. Kulikuwa na ile keki yetu ya chumvi, ya mkate na samaki, iliyopambwa kwa uduvi na matango, na bila hiyo huku kwetu mtu hazaliwi wala hazikwi. Mkurugenzi wetu Marketta alihutubia. Marketta alikuja kwetu akitoka chuo cha biashara, na kwake kila jambo ni safari au ni daraja. Siku hiyo Oiva alikuwa vyote viwili. Lakini waliofuata walisema ya moyoni. Profesa wa historia alianza kusoma majina kutoka kwenye lile daftari, la kwanza, la pili, la tatu, akashindwa kuendelea, akaketi. Watu ambao sijawahi kusikia sauti zao walisimama na kusema. Kisha tukamkabidhi zawadi, kiti cha kubembea cha mbao ya mbetula, ule mti wa huku kwetu wenye gome jeupe, na Marketta akamwomba mstaafu aseme neno.

Oiva alisimama. Akatia mkono mfukoni, akatoa kijikaratasi, akakitazama muda mrefu. Akakirudisha.

"Asanteni," akasema. "Keki ni nzuri."

Tukapiga makofi mpaka vikombe vikacheza mezani.

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, nilimkuta nje ya mlango wa wafanyakazi. Theluji ilikuwa imemjaa mabegani. Mbele yake kulikuwa na kile kigari chake cha kuteleza kwenye theluji, kinachosukumwa kwa mguu, na juu ya kigari, kimefungwa kwa kamba, kiti cha kubembea.

"Mzee Oiva! Umesahau kitu?"

"Kadi inakataa."

"Si lazima ikatae? Umestaafu!"

"Mimi sijastaafu," akasema. "Nina miaka sitini na mmoja."

"Sasa mbona hukusema, baba? Wiki tatu nzima!"

"Nilidhani siku hizi ndivyo wanavyomwambia mtu."

"Kwa jarida?"

"Wanasema mambo yamebadilika." Akafuta theluji kwenye mkono wa kiti. "Halafu nikasema, nitaeleza kwenye sherehe. Nikaandika kabisa kwenye karatasi. Wakaanza kunisifu. Sasa wewe niambie, Tellervo, mtu anasimama vipi katikati ya sifa zake akasema wamekosea mtu?"

"Na kiti unakirudishia nini?"

"Si changu. Hiki ni cha mtu aliyestaafu."

Tulipanda hadi kwa Marketta, theluji ikituyeyukia kwenye zulia lake. Marketta akampigia Jarkko. Akaweka simu kwenye spika, akajuta baadaye.

"Mimi niliona kwenye jarida kwamba anastaafu," Marketta alisema.

"Hata mimi niliona kwenye jarida," akajibu Jarkko. "Ndipo nikafunga kadi yake na kufuta cheo."

"Lakini jarida liliandikwa kwa ujumbe wako wewe!"

"Ujumbe wangu ulikuwa wa Orvokki Turpeinen wa maktaba ya tawi la misitu. Huyu wa majalada nilimwona jaridani, nikajua na yeye anaondoka. Nikasema, ama kweli ukoo huu umechoka kazi."

Oiva alikuwa anaangalia rafu ya Marketta, ambako kitabu kimoja kilikuwa kimesimama vibaya, mgongo umelegea. Nilimwona vidole vikimwasha.

Tukadhani ni jambo la kurudisha tu. Wapi! Cheo kikishafutwa hakirudi. Lazima kiombwe upya, kitangazwe, watu waitwe, wasailiwe. Isitoshe, chumba chake kilikuwa tayari kimepewa kazi nyingine. Wakati sisi tunakata keki Ijumaa ile, mafundi walikuwa chini wakitoa mashine zake za kubania vitabu na kuzipanga kwenye korido, ili pawe Chumba cha Fikra Mpya. Waliweka mito mikubwa ya rangi ya chungwa ya kukalia na ubao wa kuandikia fikra hizo. Mpaka Aprili, fikra iliyokuwa ubaoni ni moja: "Dirisha?"

Miezi miwili ile Oiva alikuja kila siku. Kwa kuwa si mfanyakazi, aliingia kwa mlango wa mbele kama mgeni, akakaa chumba cha kusomea, akasoma. Alikuwa hajapata kusoma vitabu vyetu. Alivijua kwa migongo. Siku moja binti wa kaunta, yule yule wa kitabu cha mapishi, alimkuta ametoa sindano na uzi anashona kitabu cha sheria.

"Mzee Oiva, wageni hawaruhusiwi kutengeneza vitabu."

"Kimefunguka chenyewe."

"Najua. Nikigeuza macho upande mwingine, utamaliza lini?"

"Dakika kumi."

"Haya, nageuza."

Mimi nilikuwa na mzigo mwingine. Yuko Orvokki, mwanamke aliyetumikia tawi la misitu ng'ambo ya ziwa miaka tisa, akastaafu bila neno, bila kikombe cha kahawa, sherehe yake kaila mwingine. Sikulala vizuri. Jumamosi moja nikanunua keki, nikapanda basi, nikamfuata kwake. Nilimkuta uani anapasua kuni za sauna.

Nikamweleza yote, na kuomba radhi mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza ameegemea shoka. Kisha akaanza kucheka.

"Mwanangu, unajua nilimwambia nini Jarkko? Nilimwambia, ukinifanyia sherehe siji. Miezi sita nilikuwa naota ndoto ya Marketta ananisomea hotuba. Siku ya mwisho nikazima taa, nikafunga mlango, nikangoja waje. Hakuja mtu. Nikasema, Mungu yupo!"

"Kwa hiyo hukuumia?"

"Kuumia! Hebu lete hiyo keki." Akakata kipande. "Ila huyo bwana wa majalada mnamtesa. Mrudishieni kazi yake."

Tangazo la kazi likatoka Aprili. Jarkko ndiye aliyeliandika. Fundi wa majalada alitakiwa awe na shahada ya pili, ajue lugha tatu, na apende mabadiliko. Waombaji walikuwa wawili: Oiva, na kijana wa kusini aliyeandika barua nzuri sana na ambaye, tulipomuuliza kwa simu, alidhani majalada ni ya kompyuta.

Nilikuwa kwenye chumba cha usaili kwa kuwa mtu alitakiwa aandike kumbukumbu. Oiva alivaa suti. Nahisi ilikuwa ya harusi yake. Jarkko alikuja na orodha ya maswali ambayo kwa sheria haiwezi kurukwa.

"Tuambie, umewahi kufanya kazi katika mazingira kama haya?"

"Kama haya, ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka Februari."

Marketta akakohoa kwenye kiganja. Jarkko akasonga mbele, masikio yamemwiva. "Na unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

Oiva alifikiri. Yeye swali hulijibu, halichezei. "Nimestaafu," akasema.

Alipata kazi. Cheo kipya, tarehe mpya, majaribio ya miezi sita kama sheria inavyotaka kwa mfanyakazi mgeni. Chumba cha Fikra Mpya hakikuwa kimepata mgeni hata mmoja, kwa hiyo mashine zikarudi chini. Mito ya chungwa ilibaki, maana hakuna idara iliyokubali kuipokea kwa maandishi. Mmoja Oiva aliuweka chini ya mashine kubwa ya kubania isitikise sakafu, na akasema kwa kazi hiyo unafaa.

Nikabaki na deni la jarida. Kila mfanyakazi mpya huulizwa maswali matatu, na mimi nilishuka ngazi na kalamu yangu. Swali la kwanza: unapenda kufanya nini nje ya kazi? "Kuvua samaki kwenye barafu." La pili: unasoma nini sasa? "Sheria ya ardhi, juzuu ya pili. Mgongo umekaa vizuri." La tatu: nini kimekushangaza mahali pako papya pa kazi?

Aliichukua brashi, akapaka gundi kwenye kitambaa, akakibandika, akakilainisha kwa mfupa wake wa kukunjia karatasi, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Nilingoja. Nimejifunza kungoja.

"Kwamba mlikuwa mnaona," akasema.

Niliandika kama alivyosema. Alhamisi ile kwa mara ya kwanza watu walilisoma jarida hata ambao hawakuwamo. Kuanzia hapo, saa tatu asubuhi, mmoja wetu hushuka chini na vikombe viwili vya kahawa. Hatuzungumzi sana. Anashona, tunakunywa, tunapanda.

Mwezi wa Oktoba majaribio yalikwisha na Marketta akalazimika kujaza fomu ya tathmini. Alimpa alama zote za juu. Penye "kasi ya kujifunza kazi" aliandika: ya kushangaza. Penye "uhusiano na wenzake": mzuri. Mstari wa mwisho, wa mambo ya kuboresha, hauruhusiwi kuachwa mtupu, naye akauzungukia siku mbili, kisha akaandika: "Aseme zaidi mikutanoni."

Oiva aliisoma fomu yote, pande mbili, akatikisa kichwa kukubali, akatia saini, akarudi chini. Gundi ilikuwa motoni, ingeungua.