Siku Namswea Ilipoingia Kwenye Picha ya Marekani

Picha moja ilinigharimu kazi na usingizi. Kazi niliisahau, usingizi haujarudi.

Siku ya kwanza, katika ukumbi wa video Mbinga mjini, Meneja alinikabidhi kipaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kutia sauti: picha inasema Kiingereza, mimi nasema Kiswahili juu yake, papo hapo.

"Usiwapeleke watu Marekani," alinionya, "nauli hawana. Ilete Marekani hapa."

Basi kila mto ukawa Ruvuma, kila bandari Liuli, na jambazi akapewa jina la mlevi wa mtaani. Watu wakajaa.

Nikahamishiwa kijiji cha Namswea na jenereta langu. Jumapili moja baada ya misa nikaweka picha ya walowezi wa Kimarekani wakisonga magharibi: wapimaji mbele wakichomeka vigingi, karani nyuma na karatasi zake, askari mwisho. Bonde lile nikaliita Namswea, kama kanuni ilivyotaka. Watu walicheka, mpaka wazee wenyeji wa kwenye picha walipotia dole gumba kwenye karatasi za karani, na ardhi ikaenda.

"Zima!" Bibi Skolastika, mwenye kahawa nyingi kuliko sisi sote, alisimama. "Huyo mwenye kofia alikuwa shambani kwangu juzi!"

Kweli, wiki ile wapimaji walikuwa wamefika kwetu na kuchomeka vigingi mashambani. Na mmoja, kijana wa mkoa mwingine, alikaa benchi la mbele, kofia kichwani, kiingilio amelipa. Mlango ukafungwa, na si mimi niliyeufunga.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Mimi napima njia ya bomba la maji."

"Marahaba. Hata wa kwenye picha alisema ni barabara tu."

"Jamani," nikaomba, "kule si Namswea, ni Marekani!"

"Leo ndiyo unatuambia?" mtu alijibu gizani.

Bibi akanigeukia. "Ardhi yao walirudishiwa?"

Picha nilikuwa nimeiona mara mbili. Nikanyamaza. Kwa mtia sauti, kunyamaza ni jibu.

Akamvua kijana kofia, taratibu. "Kesho uje uving'oe vigingi vyako mwenyewe."

Kesho yake akaving'oa. Maji hayakuja, wanawake bado wanashuka bondeni na ndoo. Meneja akanifukuza: "Nilisema uilete Marekani, sikusema uipangishe chumba!"

Sasa nimezeeka, nalima kahawa hapa Namswea. Wiki hii nimekuta vigingi shambani kwangu. Kijana mwingine, mpole, kanipa shikamoo mbili na karatasi inayongoja dole langu. Anasema ni maji. Bibi Skolastika tumeshamzika. Ninyi mnaotazama picha zile kwenye simu, nishaurini kabla hajarudi: nitie dole, au ning'oe?