Rikoda Yangu na Neno la Kisomali

Mimi ni mwalimu nisiyeona, na mazungumzo yanayogeuka ghafla siyaamini hata kidogo. Kila nilipoingia ofisi ya walimu, shuleni kwetu hapa Garissa, wenzangu waliacha Kiswahili wakahamia Kisomali, nisichokijua. Nikaapa kuwanasa.

Dukani nilipapasa rikoda zote, nikachagua yenye vitufe vilivyoinuka. Ikianza kurekodi inalia tiit; ukiizima, tiit-tiit. Raha kwa kipofu, balaa kwa jasusi! Basi kila ilipolia mfukoni, niliifunika kwa kikohozi kizito.

Baada ya siku chache nikaanza kusikia neno moja: qufac. Nikiingia, qufac. Nikitoka, qufac. Huku kila mtu ana jina lake la utani, nikajua langu ndilo hilo, na kwa jinsi walivyolinong'ona, halikuwa zuri.

Jumatatu nikasimama mkutanoni, mbele ya mwalimu mkuu.

"Sikieni wanavyonisengenya!" nikasema, nikawawekea rekodi. Ikatoka sauti ya Abdi, mwalimu wa hesabu, akinong'ona qufac, qufac.

Abdi mwenyewe akasema kwa upole, "Walaal, ndugu yangu, qufac ni kikohozi. Hiyo kifua yako imetutia wasiwasi. Tulikuwa tunabanga nani atakubeleka hosbitali."

Uso ukaniwaka moto. Rekodi ilikuwa bado inanong'ona mkononi mwangu, nikakitafuta kitufe cha kuizima.

Tiit-tiit.

Nami, kwa mazoea, nikakohoa.